Mwenye Kiwanda na Mwenye Kibanda: Mwanamke Mfanyabiashara Anapowania Kiti cha Bunge

Kina mama, mmefunga maduka na vibanda kabla ya saa ili mfike hapa. Najua mteja hangoji, na aliyekuta mlango umefungwa leo huenda kesho akapita kwa jirani. Kwa hiyo nitaanza na jambo lenyewe.

Katika uchaguzi mkuu wa tarehe 9 Agosti 2022, wapiga kura wa Kaunti ya Nakuru walimchagua Tabitha Karanja awe seneta wao kwa tiketi ya chama cha UDA. Wakenya hawakumjua kwa siasa. Walimjua kwa Keroche, kiwanda cha pombe kilichoko Naivasha. Kati ya maseneta 47 waliochaguliwa moja kwa moja na wananchi siku ile, wanawake walikuwa 3: yeye, Fatuma Dullo wa Isiolo na Agnes Kavindu Muthama wa Machakos. Mwaka 2017 walikuwa 3 vilevile. Mwaka 2013, Seneti ilipochaguliwa kwa mara ya kwanza chini ya Katiba ya 2010, hakupatikana hata mmoja.

Sikuja kumpigia Bi Karanja debe, wala kumshtaki. Nimemchukua kama mfano kwa sababu habari zake ziko wazi na kila mmoja wetu anaweza kuzipima. Ninachouliza ni hiki: ushindi wa mwanamke mwenye kiwanda unamfungulia mlango nani mwingine? Jibu langu nalitoa mapema, msije mkangoja hadi mwisho. Umewafungulia wenye viwanda. Wenye vibanda bado wamesimama nje, na kinachowazuia ni bei ya kampeni, jambo ambalo Bunge lenyewe lilipewa nafasi ya kulirekebisha likakataa.

Tuanze Naivasha. Bi Karanja na mumewe, Joseph Karanja, walikuwa wakiuza vifaa vya ujenzi katika mji huo kabla ya kuingia katika utengenezaji wa pombe mwaka 1997. Walianza na divai kali ya bei nafuu, iliyokusudiwa mnywaji wa kipato cha chini ambaye bia ya chupa ilimshinda bei. Kumbukeni hali ya soko wakati ule. Kenya Breweries, iliyoanzishwa 1922, ilikuwa imelitawala soko la bia kwa miongo mingi. Kampuni kubwa ya Afrika Kusini ilijaribu kuingia, ikajenga kiwanda chake Thika, ikapambana miaka michache, kisha mwaka 2002 ikafunga na kuondoka. Pale aliposhindwa tajiri wa Johannesburg ndipo mama wa Naivasha alipoamua kukaa.

Mwaka 2007 ushuru wa divai zile ulipandishwa hadi mteja wa kawaida akashindwa kuzinunua. Biashara nyingi zingefia hapo. Keroche ikageukia bia, na mwaka 2008 ikatoa Summit. Mwaka 2015 kiwanda kilipanuliwa kwa gharama ya takriban shilingi bilioni 5. Haya nayataja kwa sababu yanaonyesha mtu anayejua kufanya uamuzi akiwa amebanwa, na hiyo ni sifa ambayo wanasiasa wengi huidai bila ushahidi.

Pamoja na hayo yako mambo ya ushuru, na mhadhara unaoyaficha haufai kuchapishwa. Keroche na Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, wamevutana mahakamani kwa miaka mingi. Mwaka 2007 Mahakama Kuu iliamua kwa upande wa Keroche katika kesi kuhusu daraja la ushuru la divai zake, na hukumu ile wanafunzi wa sheria wanaisoma hadi leo kwa yale iliyosema kuhusu haki ya mfanyabiashara kutendewa kwa utaratibu na mamlaka za serikali. Lakini mvutano haukuishia hapo. Agosti 2019 Bi Karanja na mumewe walifikishwa mahakamani wakidaiwa kukwepa ushuru wa shilingi bilioni 14.4, nao wakakana mashtaka. Mapema mwaka 2022, miezi michache kabla ya uchaguzi, kiwanda kilifungwa kwa sababu ya deni la ushuru, kikafunguliwa Machi baada ya makubaliano ya kulipa kidogo kidogo. Wafanyakazi wa Naivasha wakawa hawajui kama kesho lango litakuwa wazi.

Kuhukumu kesi hizo ni kazi ya mahakama. Kazi yetu wapiga kura ni nyingine. Mtu aliye katika mvutano mzito na mtoza ushuru anapoomba kiti katika Bunge, mwananchi ana haki ya kuuliza: unakwenda kwa ajili yangu, au kwa ajili ya kiwanda? Swali hilo si matusi kwa mwanamke. Mwanamume mwenye kampuni ya saruji, ya sukari au ya ujenzi wa barabara anastahili kuulizwa swali hilohilo kwa sauti ileile, na linaloniuma ni kwamba yeye haulizwi. Tumekuwa na wabunge wengi wenye mashamba ya chai, matatu, shule za binafsi na mahoteli, na hatukuwahi kuwauliza walipigaje kura siku mambo yao yalipofika mezani.

Katiba yetu imelitazama jambo hili vizuri kuliko sisi. Ibara ya 122 inasema wazi kwamba mbunge asipige kura katika jambo ambalo ana maslahi ya kifedha ndani yake. Ibara ya 75 inamtaka ofisa wa serikali asiache mambo yake binafsi yagongane na kazi ya umma. Tarehe 30 Julai 2025 Rais alitia saini sheria mpya ya mgongano wa maslahi, iliyochukua nafasi ya ile ya maadili ya mwaka 2003. Kwa hiyo maandishi tunayo. Tusichokuwa nacho ni desturi ya mbunge kusimama na kusema mbele ya wenzake, na mbele ya kamera, kwamba hili linahusu duka langu, naketi.

Hapa liko jambo ambalo wengi hulisahau. Seneti haitungi sheria za kodi. Ibara ya 109 inasema muswada wa fedha huanzia Bunge la Taifa peke yake. Ushuru wa bia hupandishwa na kushushwa na wabunge 349 wa upande ule, wakati maseneta wanatazama tu. Basi aliyesema mama huyu alikimbilia Seneti ili akajipunguzie ushuru hakuisoma Katiba. Lakini aliyesema Seneti haigusi biashara yake hakuisoma pia. Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti utoaji wa leseni za vileo, masoko, na udhibiti wa biashara, na sheria zinazohusu kaunti haziwezi kukwepa Seneti. Mfanyabiashara akiwa seneta yuko karibu sana na mambo ya leseni, vibali na ada, yale yanayomsumbua kila mmoja wenu asubuhi askari wa kaunti anapopita na kitabu cha risiti.

Na kwa kweli hapo ndipo mfanyabiashara angekuwa na faida kubwa kuliko mtu yeyote. Ibara ya 209 inazikataza kaunti kutoza kodi kwa namna inayoumiza shughuli za kiuchumi zinazovuka mipaka yao. Muulizeni dereva wa lori la viazi anayetoka Molo kwenda Mombasa kama ibara hiyo amewahi kuiona. Hutozwa ada ya mazao alikopakia, na njiani hukutana na vizuizi vingine vyenye stakabadhi nyingine. Gharama hiyo mwishoni hulipwa na mama anayenunua gunia sokoni Kongowea. Wanasheria wanaweza kulieleza jambo hili kwa saa nzima. Aliyewahi kulipa ada zile kutoka mfukoni mwake atalisemea kwa uchungu, na Bunge linahitaji uchungu wa namna hiyo.

Kuhusu pombe yenyewe niseme neno, kwa sababu baadhi yenu mnatoka katika nyumba zilizoumizwa nayo. Mwaka 2010 Bunge lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Vileo, maarufu kama sheria ya Mututho, kwa jina la John Mututho aliyekuwa mbunge wa Naivasha, mji huohuo wa kiwanda. Sheria hiyo ilibana saa za kuuza pombe na ikaondoa marufuku ya chang'aa ya mwaka 1980, kwa masharti ya ubora na ufungaji. Mji mmoja umetoa mbunge wa kubana vileo na seneta wa kuvitengeneza, na wapiga kura walewale, wengi wao wanawake, walimkubali kila mmoja kwa wakati wake. Mimi sioni unafiki katika hilo. Mama wa Naivasha anataka mumewe arudi nyumbani mapema, na anataka pia mtoto wake apate kazi kiwandani. Mwakilishi wake lazima ajibu haja zote mbili, na mwenye kiwanda ndiye mwenye deni kubwa zaidi kwa ile ya kwanza. Kama seneta mwenye kiwanda cha pombe atakaa kimya watu wanapokufa kwa pombe yenye sumu, kimya chake kitahesabiwa.

Sasa turudi kwenye ushindi. Wako wanaosema alinunua kiti. Wako wanaosema alishinda kwa akili ya biashara. Nawaomba mtazame ramani ya Nakuru ya 2022 kabla ya kukubali lolote kati ya hayo. Mwaka ule kaunti hiyo ilimchagua Susan Kihika kuwa gavana. Mwakilishi wa wanawake akawa Liza Chelule. Katika maeneo bunge 11, wanawake walishinda 4: Jayne Kihara Naivasha, Martha Wangari Gilgil, Charity Kathambi Njoro na Irene Njoki Bahati. Nchi nzima, katika viti 290 vya maeneo bunge, wanawake waliochaguliwa hawakuzidi 30. Yaani kaunti moja kati ya 47 ilitoa zaidi ya sehemu ya kumi yao.

Pesa ya mtu mmoja haielezi jambo kama hilo. Wengi walibebwa na wimbi la UDA, lililokuwa na nguvu kubwa Bonde la Ufa mwaka ule, na asiyekiri hivyo anajidanganya. Lakini wimbi hilohilo lilipita kaunti nyingine na kuwaacha wanawake ufukweni. Tofauti ya Nakuru, kwa maoni yangu, ni kwamba wapiga kura walikuwa wamekwisha kuwaona wanawake wakifanya kazi ile. Kihara aliingia Bungeni kwa mara ya kwanza kupitia uchaguzi mdogo miaka ya mwanzo ya 2000. Kihika alikuwa spika wa bunge la kaunti, kisha seneta, kabla ya kuwa gavana, na kiti alichokiacha ndicho alichokichukua Karanja. Mwanamke alimrithi mwanamke, na hakuna aliyeshangaa. Mpiga kura aliyekwisha kumpigia mwanamke mara moja akaona mto haujakauka wala mvua haijakoma, mara ya pili haulizi tena kama mwanamke anaweza.

Basi kama wapiga kura wako tayari, kizuizi kiko wapi? Fungueni madaftari, tufanye hesabu.

Nakuru ina wapiga kura waliosajiliwa zaidi ya milioni moja. Sheria hairuhusu kituo kimoja cha kupigia kura kizidi wapiga kura 700. Gawanya: unapata vituo takriban 1,500. Kila mwaniaji makini huhitaji wakala wake katika kila kituo, mtu wa kukaa tangu alfajiri hadi fomu za matokeo zitiwe saini usiku wa manane. Mlipe kila mmoja shilingi 1,000 tu kwa chai, chakula na nauli. Hiyo ni takriban milioni moja na nusu kwa siku moja, na bado hujaweka mafuta garini, hujachapisha bango, hujakodi vipaza sauti, hujalipa vijana wa usalama, hujapita kwenye mazishi na harambee za miaka miwili kabla, na hujakutana na umati unaosubiri leso na unga. Mkono mtupu haulambwi, watakwambia, tena bila haya.

Mwaka 2021 watafiti Karuti Kanyinga na Tom Mboya walichapisha utafiti kuhusu gharama za siasa nchini Kenya, wakitazama uchaguzi wa 2017. Walikuta mwaniaji wa useneta alitumia kwa wastani takriban shilingi milioni 35.5. Mwaniaji wa ubunge wa eneo alitumia takriban milioni 18.2. Na mwaniaji wa kiti cha mwakilishi wa wanawake, kile kilichowekwa ili kumrahisishia mwanamke njia, alitumia takriban milioni 22.8.

Tusipite hapo haraka. Kiti cha mwakilishi wa wanawake kinagombewa kaunti nzima, kwa hiyo kampeni yake inagharimu kuliko ya mbunge wa eneo moja. Halafu mwanamke akitaka kuwania eneo bunge, wanaume wa chama humwambia, "Mama, kile chenu kipo, mbona unatubana hapa?" Anasukumwa kutoka mlango wa bei nafuu hadi mlango wa bei ghali, na kuambiwa kwamba amependelewa. Kiti hicho kimewapa nafasi wengi. Esther Passaris, mfanyabiashara aliyejulikana Nairobi kwa kampuni ya taa za barabarani zilizolipiwa na matangazo, alikiwania 2013 akashindwa, akarudi 2017 akashinda, na 2022 akashinda tena. Lakini tazameni ni nani huyo aliyeweza kushindwa katika jiji zima kisha akarudi baada ya miaka mitano. Ni mwenye kampuni.

Mama wa soko la Wakulima au la Gikomba akishindwa mara moja, amekwisha. Sababu yake ni ya kibiashara kabisa. Mtaji wake ndio bidhaa zilizoko kibandani. Akiuza bidhaa ili agharimie kampeni, kibanda kinabaki mbao. Akienda benki, anaulizwa dhamana, na dhamana inayokubalika kwa urahisi ni hati ya ardhi, na hati nyingi katika nchi yetu zina jina la mwanamume. Akienda kwenye chama chake cha akiba, anagusa pesa za wenzake kumi na tano ambao nao wana karo za kulipa. Mwenye kiwanda anaweza kupoteza milioni thelathini akaumia. Mwenye kibanda akipoteza laki tatu, watoto wanarudishwa nyumbani kutoka shuleni.

Lakini huyu wa kibanda ndiye mwenye mali ambayo siasa yetu imeisahau. Anajulikana. Anaaminiwa kukopesha na kukopeshwa bila karatasi. Anajua bei ya mafuta ya taa ilipanda lini na nani alikoma kununua maziwa. Historia ya Afrika Mashariki imekwisha kuonyesha nguvu hiyo. Mwaka 1955, chama cha TANU kilipotaka wanachama wanawake Dar es Salaam, kazi ile alikabidhiwa Bibi Titi Mohamed, mwimbaji wa ngoma. Susan Geiger, katika utafiti wake uliochapishwa 1997, alionyesha kwamba wengi wa wanawake walioisambaza TANU mitaani walikuwa watu wa biashara ndogo ndogo, wapika pombe na wauza vyakula, waliokuwa na pesa zao kidogo, vikundi vyao vya ngoma, na uhuru wa kutoka nyumbani bila kuomba ruhusa kila mara. Walikwenda nyumba kwa nyumba. Katika miezi michache maelfu walikuwa wamechukua kadi. Mtandao uliokuwa tayari umejengwa kwa kukopeshana na kualikana uligeuzwa kuwa chama cha ukombozi.

Ukombozi ulipofika, wengi wao walirudi sokoni na viti vikachukuliwa na wengine. Bibi Titi mwenyewe aliingia Bungeni, lakini mwaka 1965 alipoteza kiti chake cha Rufiji. Tanzania baadaye ilijenga mfumo wa viti maalum, ambao umejaza wanawake Bungeni kwa idadi ambayo sisi Wakenya tunaionea wivu. Hata hivyo Katiba yao, Ibara ya 51, inasema Waziri Mkuu lazima atoke miongoni mwa wabunge wa majimbo. Mwanamke wa viti maalum anaweza kufanya kazi miaka ishirini na mlango huo ukabaki umefungwa. Samia Suluhu Hassan aliingia Baraza la Wawakilishi la Zanzibar mwaka 2000 kwa viti maalum, na mwaka 2010 akagombea jimbo la Makunduchi kwa Bunge la Muungano akashinda. Aliona, nadhani, kwamba kura za jimbo humpa mtu uzito ambao uteuzi haumpi.

Na hapa kwetu wa kibanda hawakuwahi kuonekana sana. Grace Ogot, ambaye wengi mnamjua kwa hadithi zake, alikuwa pia muuguzi na mwenye duka la nguo Nairobi. Aliteuliwa mbunge 1983, akachaguliwa na watu wa Gem 1985. Alikuwa na duka, lakini alikuwa pia na jina la mwandishi na elimu iliyomtangulia kila alipokwenda. Sikumbuki mama wa mboga aliyeingia Bunge la Taifa akiwa bado mama wa mboga, ingawa kila uchaguzi mabango yetu hujaa jina lake.

Juu ya pesa kuna maneno. Mwanamume tajiri akiwania, watu husema amejitahidi. Mwanamke tajiri akiwania, swali la kwanza ni nani aliyemfungulia biashara. Kama ana mume, mali ni ya mume. Kama hana, wanatafuta mwanamume mwingine wa kumpa. Ataulizwa ameolewa wapi, kisha kwao watasema aende alikoolewa, na alikoolewa watasema arudi kwao. Nimewasikia wanawake wenye hesabu zilizokaguliwa, wenye wafanyakazi mia na zaidi, wakilazimika kwenye jukwaa kueleza mambo ya ndoa yao kabla hawajaruhusiwa kueleza sera yao ya maji. Hili ni dhuluma, na wanaolifanya mara nyingi ni vijana waliolipwa shilingi mia tano na mpinzani. Nao pia ni sehemu ya gharama ya kampeni, maana mwanamke hulazimika kuajiri vijana wake wa kumlinda.

Kwa hiyo nasema ugonjwa ni bei, na dawa yake iliandikwa zamani. Mwaka 2013 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi. Sheria hiyo inaipa Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka, IEBC, mamlaka ya kuweka kiwango cha juu cha matumizi kwa kila kiti, angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi, na inamtaka mwaniaji aeleze pesa zake zimetoka wapi. Utekelezaji wake ulisogezwa hadi baada ya uchaguzi wa 2017. Agosti 2021 Tume ikachapisha viwango. Bunge la Taifa likavikataa. Uchaguzi wa 2022, ule uliompa Bi Karanja kiti, ulifanyika bila kikomo chochote kwa yeyote.

Wabunge waliokataa viwango vile walikuwa na hoja zao za utaratibu. Lakini matokeo yake ni kwamba walioko ndani walilinda ukuta uliowaingiza. Ni Bunge hilohilo ambalo limeshindwa mara kadhaa kupitisha sheria ya theluthi mbili ya jinsia inayodaiwa na Ibara ya 81, hadi tarehe 21 Septemba 2020 Jaji Mkuu David Maraga alipomshauri Rais alivunje. Halikuvunjwa. Wanawake waliambiwa wasubiri uchaguzi, na kwenye uchaguzi wakakuta bei.

Wapo watakaosema kikomo cha matumizi kitamwonea mwanamke kama Bi Karanja, aliyechuma kwa jasho na ana haki ya kutumia alichochuma. Nalichukua pingamizi hilo kwa uzito. Mtu aliyelijenga jina lake dhidi ya kampuni kongwe, akashikilia kiwanda kikifungwa na kufunguliwa, hahitaji shilingi milioni thelathini kueleza uwezo wake. Kikomo kingemwacha na sifa zake zote. Kingemwondolea tu mpinzani mwenye pesa chafu, asiyetaja amezipata wapi, na kingemruhusu mama wa soko la Naivasha, aliyeuza samaki wa ziwa lile miaka ishirini, kusimama naye kwenye jukwaa moja na kuuliza maswali ya leseni. Nakuru ingewapima wote wawili, na huenda ingemchagua mwenye kiwanda tena. Sina tatizo na hilo. Tatizo langu ni kwamba yule wa pili hakuwahi kufika kwenye karatasi ya kura.

Uchaguzi ujao ni tarehe 10 Agosti 2027. Kina mama wafanyabiashara, wawaniaji watafika vibandani mwenu, watakunywa chai yenu na kupigwa picha wakipima nyanya. Mkiwa nao hapo, waulizeni mambo mawili mbele ya watu. Je, ataunga mkono viwango vya matumizi ya kampeni vitakapoletwa Bungeni, ndiyo au hapana? Na je, ataweka wazi biashara zake zote, na kukaa chini siku kura inapohusu mojawapo? Waulizeni wanaume kwanza, kwa sababu wao ndio wengi na ndio ambao hawajazoea kuulizwa. Kisha waulizeni wanawake, wenye viwanda wakiwemo. Atakayekataa kujibu, mpeni chai yake amalize, na kura yenu msimpe.